Tangaza anayetafuta, usimwanike anayetafutwa

Kila mwenye simu huko Goma, Bukavu, Uvira au Bunia amekwisha kupokea ujumbe wa namna hii, kama si mara moja basi mara kumi. Picha ya mtoto wa miaka sita hivi, amesimama mbele ya hema, macho yamevimba kwa kulia. Chini ya picha maneno machache: mtoto huyu amepotea, anaitwa fulani, mwana wa fulani na fulani, ametoka kijiji fulani, kwa sasa yuko kwa kanisa fulani. Kisha namba ya simu, na ombi: «Tuma kwa vikundi vyote, Mungu akubariki.» Hakuna tarehe. Hakuna jina la aliyeandika. Juu kabisa kuna mishale miwili, ile inayoonyesha kwamba ujumbe umekwisha kupita mikono mingi.

Anayeupokea anaingiwa na huruma. Anabonyeza, anautuma mbele, anaweka simu mfukoni na moyo wake umetulia. Anaamini amemsaidia mtoto.

Huruma yake ni ya kweli, lakini njia aliyoichagua ni mbaya. Katika eneo hili lenye vita, kusambaza picha, majina na mahali alipo mtu aliyepotea ni kumtoa hadharani mtu ambaye pengine amejificha. Desturi hii imeenea hadi watu wameisahau hatari yake. Inafaa isemwe wazi: mtandaoni atangazwe yule anayetafuta, na yule anayetafutwa afichwe, mpaka yeye mwenyewe akubali kuonekana.

Ujumbe huo unasema nini, na unamwambia nani?

Tuuangalie tena ule ujumbe, polepole. Umetoa jina la mtoto, majina ya wazazi, kijiji na mahali anapolala usiku huu. Kwa mtu wa Masisi, Rutshuru, Djugu au milima ya juu ya Uvira, jina la baba pamoja na jina la kijiji linatosha kuonyesha kabila. Wahami wanajua vizuri maana ya jambo hilo. Wengi wao walikimbia kwa sababu ya jina tu, ama kwa sababu mtu fulani alisema familia ile inasaidia kundi lile. Leo jina lilelile linatumwa kwa watu wasiojulikana, na aliyelituma anategemea baraka.

Kikundi kimoja cha WhatsApp kinaweza kuwa na watu hadi 1,024. Hakuna msimamizi anayewajua wote. Ndani yake wamo walimu, wachuuzi na wanakwaya. Anaweza pia kuwemo mtu wa kundi la silaha anayetaka kujua nani amekimbilia wapi. Anaweza kuwemo mume ambaye mkewe alimkimbia na watoto kwa sababu ya kipigo. Anaweza kuwemo mtu anayetafuta watoto wasio na mlezi ili awafanyishe kazi au awaingize msituni. Hao nao hutazama picha, na hawana haja ya kuandika neno lolote kikundini.

Halafu kuna matapeli. Kazi yao ni nyepesi, kwa sababu ujumbe umewapa kila kitu: jina la mtoto, jina la mama na namba ya kupiga. Anapiga usiku. Anasema: «Mama fulani? Mtoto wako fulani yuko huku kwetu, yuko mgonjwa, tuma pesa ya usafiri na ya dawa.» Mama aliyekaa wiki tatu bila usingizi hataanza kuuliza maswali. Atakopa kwa jirani, ataenda kwa wakala, atatuma. Baada ya hapo namba haipatikani tena. Mama amepoteza pesa, na kibaya zaidi, siku mtu wa kweli atakapopiga simu, hatamwamini.

Kuna pia ubaya wa ujumbe usiokufa. Mtoto anaweza kupatikana kesho yake asubuhi kwa shangazi yake. Ujumbe hautajua. Utaendelea kuzunguka mwezi, mwaka, miaka miwili, na picha ya mtoto huyo akilia itakuwa bado kwenye simu za watu wakati yeye amekwisha kurudi darasani. Namba iliyoandikwa chini inaweza kuwa imekufa, ama kampuni ya simu imekwisha kumpa mtu mwingine, kwa sababu namba isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni. Mtu huyo mwingine atapigiwa simu na watu wasiomjua kuhusu mtoto asiyemjua.

Habari isiyo na mwenyewe

Jambo la pili linalofanya njia hii iwe mbaya ni kwamba ujumbe hauna mwenyewe. Ukiuliza aliyekutumia: «Umeyatoa wapi haya?», anajibu: «Yamepita kwenye kikundi.» Ukiuliza kikundini, kila mmoja anamwonyesha mwingine. Mtu mmoja tu, mwanzoni kabisa, alimwona mtoto kwa macho yake. Pengine ni mama muuza makaa, pengine ni mwendesha moto aliyempakia kutoka Sake. Mtu huyo ndiye wa maana kuliko maelfu wote waliobonyeza, kwa sababu yeye ndiye anayejua mtoto alivaa nini, alifika na nani, alisema nini. Jina lake limepotea njiani.

Kutaja chanzo cha habari kunaonekana kuwa kazi ya waandishi wa habari peke yao. Katika kutafuta watu waliopotea, ni jambo la uhai. Bila kumjua shahidi wa kwanza, anayetafuta anarudi mwanzo. Na hapa watu wengi wanakosea upande wa pili: wanafikiri kutaja chanzo ni kuandika jina la shahidi hadharani. Hapana. Shahidi naye anaweza kuuawa kwa kile alichokiona. Jina lake lihifadhiwe, liandikwe kwenye karatasi pamoja na siku na mahali, kisha lipewe yule mwenye kazi ya kutafuta. Yule anayestahili kujua ajue, na kikundi cha watu elfu moja kisijue.

Wazee walifanyaje bila WhatsApp?

Vijana wanaosema hakuna njia nyingine ya kuwapata watu wamesahau kwamba mji wa Goma ulikwisha kupitia makubwa kabla ya simu za mkononi. Katika siku chache za mwezi wa 7, 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kujaa Goma. Kipindupindu kikaua watu wengi, na watoto wengi wakabaki bila mzazi. Wafanyakazi wa misaada waliwaandika watoto mmoja mmoja kwenye karatasi, wakawapiga picha, wakazihifadhi. Mzazi aliyekuja kudai mtoto aliulizwa maswali kwanza. Mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi, ambayo yalipewa jina la Gahuzamiryango, maana yake inayounganisha familia. Familia ziliketi karibu na redio zikisubiri kusikia jina la ndugu anayewatafuta.

Kazi hiyo ina umri mkubwa zaidi. Katika vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi katika mji wa Basel, Uswisi, ili kupitisha habari kati ya wanajeshi na familia zao. Katika vita vikuu vya kwanza, kuanzia 1914, ofisi kama hiyo huko Geneva ilijaza mamilioni ya vikaratasi, kila kimoja na jina la mtu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile inayojulikana hapa kwa herufi CICR, inaendelea na kazi hiyo Kongo pamoja na wanajitolea wa Msalaba Mwekundu wa nchi.

Inafanya kazi hivi. Anayetafuta anafika, anaeleza, anaandikwa. Hatoi hata franka moja, kwani huduma ni ya bure. Yule anayetafutwa akipatikana, anaulizwa kwanza: fulani anakutafuta, unataka ajue uliko? Akikataa, mahali alipo hapatajwi. Akikubali, wanaunganishwa kwa simu au kwa barua ya Msalaba Mwekundu, karatasi ya wazi yenye habari za kifamilia tu, ambayo wanajitolea huipeleka kwa mkono hadi vijiji ambako mtandao haufiki.

Hata kwenye intaneti kazi hii imepata mfano mzuri. Tangu 2013 Msalaba Mwekundu una ukurasa wa Trace the Face, kwa ajili ya watu waliopoteza ndugu zao katika safari za kwenda Ulaya. Kwenye ukurasa huo picha zinazoonekana ni za wale wanaotafuta. Mtu anaweka uso wake mwenyewe na kusema tu kwamba anamtafuta kaka yake, mke wake au mwanawe. Jina haliandikwi. Ndugu aliyepotea, popote alipo, akiutambua uso huo, ndiye anayeamua kuandika au kunyamaza. Tofauti na ule ujumbe wa mishale miwili ni kubwa kama usiku na mchana. Aliyejitokeza amejitokeza kwa hiari yake, na aliyejificha amebaki na siri yake.

Wanaotetea vikundi wanasema nini?

Wanaotetea ule ujumbe wana hoja, na hoja zao zisidharauliwe. Wanasema: Msalaba Mwekundu unachukua miezi, WhatsApp inachukua saa moja. Wanasema ofisi ziko mjini, na mhami aliyeko Minova au Walikale hana pesa ya moto kwenda mjini. Wanasema wanawajua watu waliopatana kwa njia ya Facebook.

Ni kweli watu wamepatana. Wale waliopatana wanasimulia, na simulizi linasambaa. Lakini aliyetapeliwa anaona haya kusema. Mke aliyepatikana na mume aliyemkimbia hasemi. Mtoto aliyechukuliwa na mtu aliyejiita mjomba hawezi kusema. Basi hesabu inaonekana nzuri kwa sababu upande mmoja tu ndio unaozungumza.

Kuhusu wepesi, wakaaji wa Goma wakumbuke mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, siku M23 walipoingia mjini. Umeme ulikatika, intaneti ikakatika, na saa ile ambapo watu walikuwa wakitafutana kuliko siku zote, vikundi vilinyamaza. Mwezi uliofuata kambi za wahami zilizouzunguka mji zikabaki tupu. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia kwa ndugu mjini, wengine wakashika njia ya mbali. Maelfu walivuka kwenda Burundi, wengine Uganda. Wengi waliacha simu, ama waliuza simu ili wale. Mtu asiye na simu hapatikani kwa WhatsApp hata ujumbe upitishwe mara milioni. Anapatikana kwa redio ya jirani, kwa mkuu wa kambi, kwa orodha ya kanisa, kwa mtu anayetembea kwa miguu na karatasi mkononi.

Na kuhusu umbali wa ofisi, hiyo ni lawama ya haki, na inawahusu wenye mashirika. Wanajitolea wa Msalaba Mwekundu ni wachache kuliko kazi iliyopo. Wahami wengi hawajawahi kuambiwa kwamba huduma hii ipo, wala kwamba ni ya bure. Shirika linaloleta ndoo na maturubai kambini linaweza pia kubandika karatasi kwenye mlango wa kituo cha afya, kwa Kiswahili, inayosema mtu aliyepoteza ndugu yake amwone nani. Kama watu wanakimbilia mishale miwili, sababu moja ni kwamba hakuna aliyewaonyesha mlango mwingine.

Njia ipi kwa nani?

Njia moja haiwafai watu wote. Kazi ya kwanza ni kujua unayemtafuta ni mtu wa namna gani.

Mtu mzima ambaye namba yake inajulikana atafutwe kwenye namba hiyo kwanza, kwa simu au kwa ujumbe mfupi wa kawaida, kwa sababu ujumbe huo unaingia hata kwenye simu ndogo ya vitufe. Asipojibu, wapigiwe wale waliokuwa karibu naye: jirani, mwalimu, mchungaji, shefu wa avenue. Sauti husaidia kuliko maandishi. Ujumbe wa sauti wa mama, wenye lugha yake na mzaha wake wa nyumbani, ni vigumu kuigwa na tapeli. Utumwe kwa mtu mmoja mmoja, ama kwa kikundi cha familia ambacho kila namba ina jina linalojulikana.

Mtu mzima ambaye hana namba atafutwe kwa redio na kwa Msalaba Mwekundu. Redio nayo inasikiwa na wote, wema na wabaya, hivyo kominike ipimwe. Itaje anayetafuta kwa alama ambayo ndugu zake wataitambua upesi: mama aliyekuwa akiuza mandazi mbele ya kituo cha afya, ama fundi baiskeli mwenye kofia ya kijani. Isitaje mahali alipo anayetafutwa. Na mwenye habari aelekezwe kufika redioni au kwenye parokia, si kupiga namba ya mama. Redioni kuna mtu wa kumuuliza yeye ni nani na habari ameipata wapi, na jina lake litaandikwa kwenye daftari lisilosomwa hewani.

Mtoto aliyeokotwa asipigwe picha ya kusambazwa, hata kidogo. Apelekwe kwa Msalaba Mwekundu, kwa ofisi ya mambo ya kijamii, ama kwa shefu na mchungaji pamoja, ili mtu mmoja asibaki na mtoto peke yake. Aliyemwokota aseme jina lake kwa hao, na siku, na mahali, na nguo alizovaa mtoto. Na siku zote jambo moja libaki siri, lisitangazwe popote: kovu, jina la utani, wimbo ambao mama alimwimbia. Anayekuja kudai mtoto ataulizwa jambo hilo. Ule ujumbe wa mishale miwili unaharibu hata kinga hii, kwa kuwa umekwisha kueleza yote kwa wote.

Mtu aliyekimbia kundi la silaha au aliyekimbia kipigo nyumbani asitangazwe kwa njia yoyote ya wazi. Kwake yeye mlango ni ule tu unaomuuliza kwanza kama anataka kuonekana.

Jamaa walioko Ulaya, Marekani na Kanada nao wanahusika. Wao hukaa mbali, moyo unawaka, wanaweka picha ya familia nzima kwenye Facebook, wazi kwa dunia yote, wakiandika nani yuko wapi. Huko waliko hakuna atakayewagongea mlango usiku. Huku atagongewa shangazi. Msalaba Mwekundu upo hata katika miji wanamoishi, na anayetafuta akiwa huko anaweza kuandikwa huko huko. Ni afadhali pesa ya kulipia tangazo la Facebook imnunulie mama simu ndogo ya vitufe.

Sheria ipo, wasimamizi wako wapi?

Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, na ndani yake kuna sehemu ya kulinda habari za mtu binafsi. Jina, picha na mahali alipo mtu si mali ya kila mwenye mega za kutosha. Hakuna anayetaka mama mwenye uchungu apelekwe mahakamani kwa kumtafuta mwanawe. Lakini msimamizi wa kikundi cha watu elfu moja anajua kufuta matusi, na anajua kumtoa mtu anayebishana na mchungaji. Anaweza pia kufuta picha ya mtoto na kumwandikia aliyeituma, kwa faragha: ndugu, nani alimwona mtoto huyu, lini, na amekwisha kuandikwa kwa nani?

Maswali hayo matatu hayahitaji umeme mwingi wala mega nyingi. Leo jioni, ujumbe mwingine utaingia kwenye simu za watu, na mtoto mwingine atakuwa amesimama mbele ya hema. Anayejua jibu la maswali hayo ampigie mwenye kazi ya kutafuta. Asiyejua asibonyeze, aufute, kisha amrudie aliyemtumia na kumuuliza ametoa wapi.